Chui Juu ya Hadibodi: Edward Saidi Tingatinga na Chimbuko la Wanyama Wake

Katika historia ya uchoraji wa wanyamapori Afrika Mashariki, Edward Saidi Tingatinga ana nafasi ya pekee, kwa kuwa jina lake ndilo lililogeuka kuwa jina la kazi yenyewe: mchoraji wa Dar es Salaam, Zanzibar au Nairobi anayechora twiga wa rangi za kung'aa juu ya kitambaa husemwa kwamba anachora tingatinga, hata kama mchoraji huyo alizaliwa miaka mingi baada ya mwenye jina kufa. Heshima hiyo kubwa imemfunika mtu mwenyewe. Wasemaji wengi wa Kiswahili huijua tingatinga kwanza kuwa ni mashine, trekta au buldoza la kusawazishia barabara, kisha kuwa ni mtindo wa picha zinazouzwa kwa watalii, na ni wachache wanaotambua kwamba ni jina la ukoo wa mkulima wa Tunduru ambaye mwanawe alichora kwa miaka 4 hivi tu, kuanzia 1968 hadi 1972, na katika muda huo mfupi akaweka msingi ambao mamia ya wachoraji wameendelea kuujengea. Wanyama aliowachora hawakutoka katika mbuga za watalii, kama wanunuzi wake wengi walivyodhani. Walitoka katika nchi ya kusini, ambako mnyama alikuwa jirani, mharibifu wa shamba, mhusika wa hadithi na somo la jandoni, na sura waliyoipata juu ya ubao ilitokana kwa kiasi kikubwa na vifaa vya fundi rangi wa mjini.

Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, ambacho leo huitwa Nakapanya, wilayani Tunduru, karibu na mto Ruvuma unaoitenganisha Tanzania na Msumbiji. Baba yake, Saidi Tingatinga, alikuwa Mngindo na Mwislamu. Mama yake, Agnes Ntembo, alikuwa Mmakua na Mkristo. Na mtoto akabeba majina ya pande zote mbili bila mtu yeyote kuona ajabu, maana katika wilaya ile, ambako Wayao, Wamakua, Wangindo na Wandendeule wameishi kwa kuchanganyika na kuoana, nyumba yenye msikiti upande mmoja na kanisa upande wa pili lilikuwa jambo la kila siku. Wazazi walikuwa wakulima wa jembe la mkono waliolima chakula cha nyumbani, na elimu ya darasani aliyoipata kijana ilikuwa ndogo.

Nchi aliyokulia inahitaji kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu bila kuijua, wanyama wake hawaeleweki. Kusini mwa Tanganyika kuliumizwa na Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 kuliko sehemu nyingine yoyote ya koloni, na waliokufa kwa njaa iliyofuata, baada ya majeshi ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala kwa makusudi, walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Vijiji vilivyoachwa viligeuka msitu, na msitu ukajaa wanyama. Serikali ya Waingereza ilipochukua nchi iliendeleza hali hiyo kwa njia yake: mwaka 1922 sehemu kubwa ya pori ilifanywa pori la akiba na kupewa jina la Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyeuawa vitani Beho Beho mwaka 1917, na katika miaka ya 1940 maelfu ya Wangindo wa Liwale, watu wa kabila la baba yake Tingatinga, walihamishwa kutoka makazi yao, sababu iliyotolewa ikiwa ni kuwakinga na ugonjwa wa malale, na ardhi yao ikaachiwa tembo. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932 alikulia katika nchi ambayo mipaka kati ya watu na wanyama ilikuwa imesogezwa, na mara nyingi ilikuwa imesogezwa kuelekea upande wa watu. Tembo na ngiri waliingia mashambani wakati wa mavuno, na wakulima walikesha kwenye madungu, yaani vibanda vya kulindia mazao vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakipiga madebe na kurusha vijinga vya moto. Simba wala watu wameitisha Tunduru mara kwa mara katika karne yote ya 20, na hadithi zao zilikuwa habari za majirani waliojulikana kwa majina. Pamoja na hofu hiyo kulikuwa na uwindaji wa mitego na mishale, kulikuwa na vitendawili, na kulikuwa na ngano za jioni ambamo sungura humzidi akili fisi na kobe humshinda tembo.

Mnyama huyohuyo alikuwamo pia katika michoro ya kale ya kusini. Karl Weule, mkuu wa jumba la makumbusho la Leipzig aliyezunguka sehemu za Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906, alikuta kuta za udongo za nyumba za wenyeji zikiwa zimechorwa watu na wanyama, naye akawapa wapagazi na wanakijiji kalamu na karatasi, akachapisha michoro yao katika kitabu chake cha 1908. Kwa Wayao, ambao ni wengi Tunduru, kulikuwa na mila nyingine iliyo karibu zaidi na jambo tunalolichunguza: katika sherehe za kuwafunda vijana, walezi walifinyanga ardhini, uwanjani, maumbo makubwa ya wanyama na kuyapaka unga mweupe na rangi nyingine, kila umbo likiwa na wimbo wake na fundisho lake, na maumbo hayo yaliitwa inyago, neno lililo jamaa moja na unyago na kinyago katika Kiswahili. Mnyama mmoja, mkubwa, aliyelazwa juu ya ardhi tupu bila mti wala mlima nyuma yake, akijaza macho ya kijana aliyeambiwa amtazame na akumbuke: anayezijua picha za Tingatinga hawezi kusoma maelezo hayo bila kusita. Vilevile Wamakua na Wamakonde walichanja nyuso na miili kwa mistari na vitone vilivyopangwa kwa utaratibu, chale zilizoitwa nembo, neno ambalo leo Waswahili hulitumia kwa alama ya klabu au kampuni, na ngozi za wanyama wa Tingatinga zimepangwa vitone kwa nidhamu inayofanana na hiyo. Kufanana peke yake hakuthibitishi kwamba mchoraji alikuwa akinakili mila hizo kwa kukusudia. Kunaonyesha, hata hivyo, kwamba jicho lake lilifundwa mahali fulani, na kwamba wale waliomwita mchoraji asiye na mafunzo walikuwa wakiangalia cheti cha shule tu.

Njia iliyomtoa Tunduru ilikuwa ileile iliyowatoa vijana wengi wa kusini, yaani mkonge. Zao hilo liliingizwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ambaye katika miche 1,000 aliyoiagiza kutoka Marekani ni 62 tu iliyofika hai, na kufikia miaka ya 1950 lilikuwa limeifanya Tanganyika mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Mashamba ya Tanga yalihitaji watu kuliko Tanga ilivyoweza kutoa, kwa hiyo vibarua waliandikishwa katika majimbo ya mbali kwa mikataba, wakasafirishwa kwa makundi na kupewa namba, ndipo wakaitwa manamba. Kazi yao ya kila siku ilitiwa alama kwenye kipande, yaani kadi ya siku 30 ambayo ilipaswa kujazwa yote ndipo mshahara ulipwe. Majimbo ya kusini, ambayo serikali ya kikoloni iliyaacha bila barabara nzuri wala viwanda, yalikuwa ghala la nguvukazi hiyo. Tingatinga aliingia katika mkondo huo kwenye miaka ya 1950, akakata mkonge Tanga, na mwishoni mwa muongo huo akahamia Dar es Salaam kwa wito wa jamaa yake, Salum Mussa, aliyejulikana zaidi kama Mzee Lumumba, ambaye alikuwa mpishi katika nyumba ya ofisa Mwingereza. Edward alipata kazi ya kutunza bustani katika nyumba hiyohiyo.

Uhuru ulipofika mwaka 1961, mwajiri aliondoka na mtunza bustani akabaki mjini bila kazi ya kudumu. Miaka iliyofuata aliishi kwa vibarua vya namna nyingi, vikiwamo vya ujenzi, kuuza matunda na mboga, na kusuka vikapu na mikeka. Baadaye akaajiriwa kuwa mhudumu wa wodi katika hospitali ya Muhimbili, kazi ambayo mshahara wake ulikuwa mdogo lakini wa uhakika. Miaka hiyo haina matukio makubwa ya kusimulia. Jambo la kuzingatia ni kwamba mtu huyu, alipofika umri wa miaka 36, alikuwa tayari ameshika kwa mikono yake udongo, ukili na saruji, na alikuwa amekaa karibu vya kutosha na nyumba za wageni kujua ni kitu gani kinachotundikwa ukutani mwao.

Mwaka 1968 alianza kuchora. Simulizi za waliokuwa naye zinataja picha za wachoraji wa Kongo zilizokuwa zikichuuzwa katika mitaa ya Dar es Salaam wakati huo, nazo zikinunuliwa na wageni, na kwamba Tingatinga aliziona akajiambia kuwa kazi hiyo haimshindi. Inafaa pia kukumbuka Wamakonde, majirani zake wa kusini, ambao walikuwa wamekwisha kuthibitisha kwamba mtu wa kusini anaweza kuishi mjini kwa sanaa: vinyago vya mpingo vilikuwa vikiuzwa Dar es Salaam tangu zamani, na Samaki Likankoa alikuwa ameanzisha katika miaka ya 1950 mtindo wa kuchonga mashetani, viumbe vya ajabu vyenye viungo visivyolingana, ambao ulienea haraka kwa wachongaji wengine. Tingatinga hakuwa na mpingo wala patasi. Alichokuwa nacho ni vitu vinavyopatikana kwa fundi ujenzi na fundi baiskeli, na hapo ndipo historia ya maisha inapogeuka kuwa historia ya vifaa.

Kitu cha kwanza kilikuwa hadibodi, yaani ubao mwembamba uliotengenezwa kwa nyuzi za mbao zilizosagwa na kushindiliwa, ambao mafundi walizibia dari za nyumba. Upande wake mmoja ni laini kama kigae na wa pili una mparuzo wa wavu. Hadibodi huuzwa kwa vipande vya futi 8 kwa 4, na kipande kimoja kikikatwa bila kupoteza hata inchi hutoa miraba 8 ya futi 2 kwa 2, sawa na sentimita 60 hivi kila upande. Miraba hiyo ndiyo umbo maarufu la picha za Tingatinga, na ni vigumu kutoona hapo hesabu ya mtu aliyezoea kununua kwa fedha kidogo. Umbo la mraba nalo lina masharti yake: mnyama mrefu kama chui hawezi kunyooka humo, ni lazima akunje mkia juu ya mgongo, apinde shingo na kugeuza uso, ama sivyo pembe za juu zitabaki tupu. Mkao uliokuja kutambulika kuwa ni wa kitingatinga ulizaliwa, kwa sehemu, katika jitihada ya kumkalisha mnyama ndani ya kipande cha dari.

Kitu cha pili kilikuwa rangi. Tingatinga alitumia rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupakia milango na baiskeli, iliyouzwa madukani katika makopo madogo. Rangi hiyo ni nzito, hukauka polepole na kuwa ngumu kama kioo, haipitishi maji, na ikikwisha kushika haifutiki. Haikutengenezwa ili ichanganywe kwa upole kama rangi za wasanii wa Ulaya, ambao huweza kupitisha rangi moja ndani ya nyingine hata mpaka usionekane. Mchoraji anayeitumia hulazimika kufanya kazi kwa hatua. Kwanza hupaka mandhari ya nyuma kwa rangi moja, nyeupe, njano au buluu, na kuiacha ikauke. Kisha huchora mstari wa umbo la mnyama na kulijaza. Likikauka, ndipo huja na brashi nyembamba kuweka madoa, macho, ndevu na kucha, akitia kila doa mara moja tu, kwa mkono usiotetemeka. Usafi wa kingo, ukavu wa nyuma na mng'ao wa picha nzima vimo ndani ya kopo lenyewe, na kipaji cha Tingatinga kilikuwa kuyaona hayo na kuyafanya uzuri, badala ya kupigana nayo.

Chui wake waweza kutazamwa kama mfano. Kiwiliwili kimeonyeshwa ubavuni, miguu yote minne ikiwa imekanyaga, lakini kichwa kimegeuka kikamilifu kumkabili mtazamaji, na macho ni duara mbili zilizo wazi ambazo hazitazami kitu kingine chochote. Madoa hayakutapakaa kama yalivyo katika ngozi halisi. Yamepangwa safu kwa safu yakifuata mzingo wa mgongo na mapaja, kila doa likiwa na kitone ndani yake. Nyuma hakuna nyasi wala upeo wa macho, na pengine lipo tawi moja au ndege mmoja. Hakuna kivuli, kwa hiyo hakuna saa ya mchana wala majira. Chui huyu hayuko mahali fulani akifanya jambo fulani. Yupo tu, mzima, karibu mno, kama anavyokuwa katika kumbukumbu ya mtu aliyekutana naye njiani mara moja maishani, na uso wake una kitu kati ya tishio na mshangao ambacho hakuna mchoraji wa baadaye aliyekipata kwa ukamilifu ule.

Thamani ya jambo hilo huonekana vizuri zaidi likiwekwa mkabala na kazi ya mgeni aliyechora wanyama wa nchi hiihii. Wilhelm Kuhnert, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1865 na kusomea Berlin, alisafiri Afrika Mashariki mara kadhaa kuanzia mwaka 1891, na vita vya Maji Maji vilimkuta huku. Kuhnert alikuwa mchoraji hodari sana, na simba wake walichapishwa katika vitabu vya elimu ya viumbe na kujenga picha ya Afrika katika vichwa vya Wazungu wa vizazi viwili. Ili achore kwa usahihi aliwapiga wanyama risasi, akawachunguza wakiwa wamelala, akachora misuli na manyoya yao, kisha akawasimamisha tena juu ya turubai katika mbuga iliyo kimya na isiyo na mtu. Mbuga hiyo ya Kuhnert isiyo na watu ilichorwa katika miaka ambayo watu wa kusini walikuwa wakiuawa na kufukuzwa. Tingatinga hakuchora mbuga, na huenda hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika kazi yake: alimwondoa mnyama katika mandhari ya wageni, akamrudisha mbele ya macho ya mtu anayeishi naye.

Picha zilihitaji soko, na soko lilikuwa Oysterbay. Mtaa huo wa pwani, uliojengwa na Waingereza kwa ajili ya maofisa wao, ulikuwa katika miaka ya 1960 makazi ya mabalozi, wataalamu na wafanyakazi wa miradi ya misaada, wakiwamo wengi kutoka nchi za Skandinavia, ambazo zilikuwa zimeanza kushirikiana na Tanzania mapema, kwa mfano katika mradi wa elimu wa Kibaha ulioanza mwaka 1963. Duka lao la mahitaji lilikuwa Morogoro Stores, na nje ya duka hilo, pamoja na matunda na vikapu, picha za Tingatinga zilianza kuonekana. Mwaka 1970 alimwoa Agatha Mataka, msichana wa kwao kusini, na ni Agatha aliyekaa na picha hizo pale nje, akizipanga, akitaja bei na kurudi nyumbani na fedha, wakati mumewe yu kazini Muhimbili au amejiinamia ubao. Historia za sanaa hutaja wake za wachoraji kwa kupita. Hapa kupita hakufai, maana bila mtu wa kukaa sokoni kutwa nzima, mhudumu wa hospitali asingeweza kuwa mchoraji. Walipata watoto wawili, Daudi na Martina. Bei za mwanzo zilikuwa ndogo, lakini mahitaji yaliongezeka haraka, na kabla ya kifo chake shirika la umma lililoshughulika na biashara ya sanaa lilikuwa limeanza kununua kazi zake. Huo ulikuwa wakati wa baada ya Azimio la Arusha la 1967, nchi ikijitafutia utamaduni wake, na picha iliyochorwa na mtu wa kawaida, kwa vifaa vya kawaida, ilikuwa na mvuto hata kwa wale waliokuwa na shaka na wanunuzi wake.

Mahitaji yalipozidi mkono mmoja, Tingatinga aliita jamaa. Waliokuja walikuwa karibu wote vijana wa Tunduru na Masasi waliohusiana naye kwa damu au ndoa: ndugu yake Simon Mpata, Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda na Kasper Henrik Tedo. Mafunzo hayakuwa na mtaala. Kijana alianza kwa kuandaa mbao na kupaka rangi ya nyuma, akaendelea kujaza maumbo yaliyochorwa na mwalimu, kisha akaruhusiwa kuchora mnyama wake mwenyewe, kama mwanagenzi anavyojifunza useremala au ushonaji barazani kwa fundi wake. Katika utaratibu wa namna hiyo kuiga si kosa. Kuiga ndiyo njia ya kujifunza, na umbo zuri ni mali ya karakana nzima. Wahakiki waliokuja baadaye kuzilaumu picha za tingatinga kwa kurudiarudia maumbo waliupima ufundi wa barazani kwa kipimo cha vyuo vya Ulaya, ambako msanii hutarajiwa kuwa peke yake.

Mwaka 1972, akiwa na miaka 40, Tingatinga aliuawa kwa risasi usiku jijini Dar es Salaam. Polisi walikuwa wakifukuza wahalifu, wakalidhania gari alilokuwamo kuwa ndilo walilolitafuta. Alikuwa amechora kwa miaka 4, watoto wake walikuwa wadogo mno hata kumkumbuka vizuri, na wanafunzi wake, ambao baadhi walikuwa na mwaka mmoja au miwili tu ya kazi, walibaki bila mwalimu. Mtu angetarajia kazi hiyo ife hapo. Haikufa, kwa sababu ilikuwa imefundishwa kwa njia ya ukoo, na ukoo haukuwa umekufa.

Wanafunzi walikusanyika katika ushirika mdogo uliobeba jina lake, wakaendelea kuchora pale Morogoro Stores, na mwaka 1990 ukasajiliwa ushirika rasmi wa wachoraji wa Tingatinga. Mpata alikwenda Nairobi, akaendeleza huko mtindo wake mwenyewe uliopendwa sana na Wajapani, na hoteli moja ya safari katika Maasai Mara imepewa jina lake. Kadiri miaka ilivyopita picha zilibadilika. Hadibodi, ambayo ni nzito na huvunjika pembe, iliachiwa nafasi kitambaa cha pamba kilichowambwa kwenye fremu, ambacho mtalii huweza kukikunja na kukitia sandukuni. Mnyama mmoja akawa kundi la wanyama, nyuma pakajaa miti, vijiji na jua linalozama, na mlima Kilimanjaro ukaingia, mlima ambao Tunduru hauonekani hata katika hadithi. Mwaka 2010 mtindo huo ulifika kwenye televisheni ya watoto duniani kupitia mfululizo wa katuni wa Tinga Tinga Tales, uliotengenezwa Nairobi kwa ushirikiano na kampuni ya Uingereza. Wachoraji wa leo wanaishi kwa wanunuzi hao, na hakuna haki ya kuwalaumu kwa kuchora wanachokinunua. Lakini ni kweli pia kwamba chui wa kwanza, aliyesimama peke yake juu ya rangi moja, alikuwa na uzito ambao kundi la pundamilia ishirini haliwezi kuufikia.

Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 hulinda kazi ya msanii katika uhai wake na miaka 50 baada ya kifo, lakini kinacholindwa ni picha iliyochorwa, wala si mtindo, kwa hiyo familia haikuwa na njia ya kudai chochote kwa maelfu ya picha zinazouzwa kwa jina la baba yao. Mwanawe Daudi alikuja kuwa mchoraji naye. Picha za mikono ya Tingatinga mwenyewe, alizozitia saini ya E. S. Tingatinga upande wa mbele, nyingi ziliondoka nchini zikiwa kwenye mizigo ya wataalamu waliomaliza mikataba yao, na leo zinauzwa Ulaya na Japani kwa bei ambazo mhudumu wa wodi asingezipata kwa mshahara wa miaka mingi. Mtanzania anayetaka kuziona kwa macho yake ana nafasi chache za kufanya hivyo nchini mwake.

Nakapanya sasa iko kwenye barabara ya lami inayotoka Masasi kwenda Tunduru. Kaskazini yake kuna Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyoundwa mwaka 2019 kutokana na sehemu ya pori la Selous, na kusini, ng'ambo ya Ruvuma, kuna hifadhi ya Niassa ya Msumbiji, na kati ya hizo mbili tembo hupita kwenye shoroba, yaani mapito yao ya miaka yote, yanayokatiza mashamba ya wilaya ya Tunduru. Wakati wa mavuno wakulima bado hukesha kwenye madungu, wakisikiliza, madebe yakiwa tayari mikononi.